Betri ya Pili

Jumatatu, 3 Agosti

Betri ya pili imevimba. Haiingii tena kwenye kisanduku chake. Shemeji, kaka wa mke wangu, alinionya niichaji polepole. Nikaiunganisha na chaja ya gari, maana mimi nina haraka na yeye hana.

Maonyesho ni Jumapili. Klabu yetu ina sheria isiyo na huruma: ndege kubwa ya rimoti lazima iwe na betri mbili na swichi mbili za kulisha umeme kipokezi, kinachopokea amri za rimoti, na sevo, vile vimota vinavyovuta usukani na vibawa. Moja ikifa, nyingine inabeba. Yangu ina mabawa ya mita tatu. Nimeijenga miaka miwili sebuleni, na mke wangu amezoea kuinama chini ya bawa akienda jikoni.

Mkaguzi wa klabu atachagua mmoja wa kufungua maonyesho: mimi au Shemeji. Baba mkwe atakuwepo. Fundi umeme mstaafu. Ndiye aliyesema siku ya harusi kwamba binti yake anaolewa na mtu asiyejua kubadili balbu. Lazima niruke mimi.

Jumanne, 4 Agosti

Dukani hakuna betri za aina hii hadi wiki ijayo. Kuazima kwa Shemeji? Afadhali nipige mbio uwanjani nimetanua mikono kama ndege.

Akili ilinijia nikioga. Mkaguzi huhesabu betri, haonji! Nimekata kibao cha saizi ile ile kutoka mguu wa stuli, nikakiviringishia plastiki ya bluu, nikakichomekea waya mbili, nyekundu na nyeusi. Kinapendeza. Nilipokitazama niliingiwa na hamu ya kukichaji.

Tatizo: Mkaguzi huzima swichi moja moja aone kama nyingine inafanya kazi. Dawa: swichi zote mbili nimeziunganisha kwenye betri nzima. Waya za kibao zinaishia chini ya sponji. Waya wa kuunganisha swichi nimeutoa kwenye kengele ya mlango, ndio uliokuwa karibu. Wageni watabisha kwa mkono.

Nilijipongeza kwa sauti. Mke wangu akauliza naongea na nani.

Jumatano, 5 Agosti

Kibao ni chepesi mno. Ndege imeinua pua. Nikaongeza kufuli la stoo puani, ikatulia.

Jioni mke wangu akasema kufuli la stoo limepotea. Nikamsaidia kulitafuta, hadi chini ya kitanda.

Ijumaa, 7 Agosti

Ukaguzi. Mkaguzi alihesabu: betri mbili. Akazima swichi ya kwanza, vibawa vikacheza. Akaiwasha, akazima ya pili, vikacheza. Akasema kazi safi.

Hapo Shemeji akajipenyeza. Eti sevo zote zichezeshwe pamoja dakika nzima, kwa kuwa betri hupimwa ikiwa kazini. Nikajibu kwamba nimeipima mezani na mita imeonyesha imejaa. Kweli tupu. Ilikuwa imepumzika tangu asubuhi. Mkaguzi naye alikuwa na njaa, akasaini.

Nimechaguliwa! Shemeji alinipa mkono, akasema ana betri ya akiba garini kama nitaihitaji. Wivu huo.

Jumapili, 9 Agosti

Ilipaa vizuri ajabu. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Baba mkwe alisogeza kiti mbele ili aone vizuri. Ningeishia hapo.

Nikaamua kupita chini mbele yake na kuonyesha kila kitu. Nikapunguza injini, nikashusha vibawa vya kupunguzia mwendo, nikavuta usukani, vyote kwa mpigo. Sevo nane zikadai umeme kwa wakati mmoja, kutoka betri moja, kupitia waya wa kengele. Kipokezi kikazimika.

Nikavuta fimbo, hakuna. Nikasukuma, hakuna. Niliogopa sana, humu sina haja ya kujificha. Miaka yangu miwili ilikuwa inashuka peke yake na mimi nimeshika rimoti ya bure. Ikashuka taratibu, ikagusa nyasi, ikabingirika, ikasimama hatua tatu kutoka kiti cha baba mkwe.

Watu wakapiga makofi. Mkaguzi akasema hajawahi kuniona nikitua vizuri hivyo. Nikainama kupokea sifa.

Nilipoinuka baba mkwe alikuwa ameshafungua kifuniko. Akagusa betri ya kwanza, akarudisha kidole haraka, ilikuwa moto. Akagusa ya pili, akasema hii ni baridi kama kibao. Nikatazama mawingu. Akaigonga kwa kucha. Ikajibu yenyewe.

Mke wangu akaingiza mkono puani mwa ndege akatoa kufuli la stoo.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimefungiwa kuruka mwezi mzima. Baba mkwe alicheka njia nzima hadi nyumbani, na leo asubuhi amepiga simu ili acheke tena.

Mchana Shemeji alibisha mlango kwa mkono. Ameniletea ile betri yake ya akiba na waya mnene, vyote vipya, na hakunisimanga hata kidogo. Nilitokwa na machozi. Nikamwahidi kwamba nimejifunza.

Ni betri ya ajabu. Nimeipima mezani, imejaa. Ni dhambi kuiacha ikae tu ikisubiri mwenzake afe. Kwa hiyo nimeifungia taa kumi na mbili chini ya mabawa. Watu watazubaa! Waya mnene nimeuweka kwenye kengele ya mlango, sasa inalia hadi kwa jirani.

Kibao kimerudi mahali pake, na plastiki mpya.

Pua bado nyepesi. Mke wangu ameficha kufuli. Pasi hajaificha.