Agizo la Kulima ili Kaboni Ionekane

Kaunti ya Wendell, jimboni Nebraska, ilitangaza rasmi kwamba kuanzia Aprili itapima kaboni iliyomo ardhini mwake, na kwamba kaboni hiyo itakuwa nyingi. Mwenyekiti wa Kamati ya Kaboni, Bwana Garland Tietz, alilisoma tangazo mwenyewe, kisha akatulia apigiwe makofi. Karani wake akapiga.

Tatizo lilijitokeza mapema. Wakaguzi walipofika mashambani walikuta udongo umefunikwa na mabua ya mahindi ya mwaka jana. Kamati ilikaa siku mbili, ikaamua kwamba kisichoonekana hakikaguliki; hivyo kila shamba lilimwe kwa plau, mabua yafukiwe, udongo ukae wazi. Bwana Tietz alianza na shamba lake. Mistari yake ilinyooka hata majirani waliotoka kanisani Jumapili walipunguza mwendo wa magari wapate kuitazama. Aliwaona wote, maana alikuwa amekaa kibarazani kwa shughuli hiyo hiyo.

Wote walitii isipokuwa mjane mmoja, Arlene Kucera. Kwa miaka kumi na tisa hakutia plau shambani. Alipanda katikati ya mabua, akayaacha yaoze papo hapo, na udongo uliokuwa mgumu kama sakafu alipofiwa na mumewe sasa ulimeguka mkononi kama keki. Alikwenda ofisini kujieleza.

"Mwenyekiti, kaboni unayoitafuta imetokana na mabua hayo," alisema. "Ukiupindua udongo, itapotelea hewani. Jasho langu la miaka kumi na tisa, kwa asubuhi moja tu."

Bwana Tietz aliipitia fomu kwa makini, mbele na nyuma.

"Mama Kucera, hewa haimo kwenye fomu."

Akampa mpaka Ijumaa awe amelima, la sivyo trekta la kaunti lingekuja kumlimia. Ijumaa ilipofika dereva wa trekta la kaunti akaugua ghafla, ikabidi Mwenyekiti aliendeshe mwenyewe. Arlene hakufunga lango. Alimkaribisha kahawa na pai ya tufaha, na mtu anayegombea uchaguzi wa Novemba hakatai pai ya mjane. Mwenyekiti alipomaliza akaaga. Sasa, kwa watu wa Wendell kuaga ni kazi. Unaaga mezani, unaaga mlangoni, unaaga kibarazani kofia ikiwa mkononi, halafu mwenyeji anakusindikiza mpaka kwenye usukani akiulizia nyonga ya mama yako. Anayekatisha huonekana hakulelewa. Arlene aliulizia nyonga, akaulizia paa la kanisa, akaulizia shangazi wa mjini Omaha ambaye alishafariki, ikabidi waanze upya na pole. Mvua iliwakuta kibarazani. Walipolifikia trekta, shamba lilikuwa tope tupu, na kwenye tope plau haiingizwi.

Jumatatu wataalamu wa jimbo waliwasili na mirija yao ya kuchotea udongo. Kiongozi wao, Daktari Sorensen, mwanamke mpole, alilitazama shamba la Mwenyekiti, ambalo mvua ilikuwa imelihamishia nusu mtaroni, akauliza kama kaunti nzima hakuna mahali ambapo hapajalimwa. Bwana Tietz aliwapeleka kwa Arlene mbiombio, akieleza njiani kwamba shamba hilo limekuwa chini ya uangalizi wake wa karibu.

Udongo wa juu ulitoka kwenye mrija ukiwa mweusi, na minyoo ndani. Daktari alimuuliza Arlene ni utaratibu gani ulioyaleta hayo. Arlene aliingia ndani, akarudi na barua ya agizo la kulima, akamkabidhi.

Ripoti ilisomwa siku ya maonyesho ya kaunti, mbele ya umati, na kwa kuwa kanuni zinamtaka Mwenyekiti aisome, aliisoma. "Chanzo cha kaboni: agizo la Mwenyekiti halikutekelezwa. Pendekezo: maagizo yake mengine nayo yasitekelezwe." Kamati ilipiga kura papo hapo. Pendekezo likapita bila kupingwa, na Bwana Tietz, kwa mazoea, akaligonga mhuri.