Utepe wa Maktaba ya Jaji Wijekulasuriya

Kabla sijaanza, ifahamike kwamba hapa Marekani, kuanzia Woodbridge hadi Laurel, hakuna jambo la sheria wala diplomasia linalotendeka kwa Kiswahili pasipo mimi, Gwakisa, kuarifiwa. Mheshimiwa Mchungaji Respicius, uliyetupa ukumbi huu wa chini ya kanisa. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo na Kamati ya Fulana. Wauguzi mliotoka zamu. Watoto mnaoelewa Kiswahili mkakijibu kwa Kiingereza. Na kipekee mgeni rasmi, dada Anoma, binti wa marehemu, uliyesoma Nairobi baba yako alipokuwa balozi kule, uliyenikabidhi masanduku thelathini na moja ya vitabu vyake mlipouza nyumba ya Annandale, ukasema hutaki chochote ila kuviona vimesimama kwenye rafu, na leo umeleta joho lake la ujaji tulitundike maktabani: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Marehemu Jaji Balozi Senarath Wijekulasuriya alizaliwa Sri Lanka, akawa hakimu angali kijana, akaletewa majirani wawili wanaogombea mfenesi ulioota mpakani, akawaamuru wakae kwenye ngazi za mahakama wale fenesi moja mpaka liishe, na kabla halijafika nusu walikuwa wanacheka, mikono imegandana kwa ulimbo, hukumu ambayo, bila kujisifu, niliichangia kimawazo. (Katibu Nyaguthii: "Mjomba, mwaka huo ulikuwa hujazaliwa!" Kicheko.) Katibu wangu, mawazo hayana cheti cha kuzaliwa. Akapanda hadi Mahakama ya Rufani, akajiondoa kwenye kesi ya shemeji yake, akanyimwa chai kwa dada yake miaka sita. Ndipo akatumwa Nairobi, akajifunza Kiswahili cha kununulia maembe na cha kuombea radhi, akisema balozi hahitaji zaidi. Uzeeni akaishi Annandale, ambako mimi, Mshauri wake Mwandamizi, nilikuwa naye kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa miaka minne. (Sauti: "Ushauri gani huo wa zamu?" Vicheko.)

Kuhusu mradi wenyewe, kwa mujibu wa strategic plan, utekelezaji umefikia asilimia themanini na saba nukta nne: stakeholders wote wamekuwa engaged, fulana zimechapishwa, keki ina mchoro wa mizani, utepe umefungwa kwenye mlango ule pale, na roadmap ya kuandaa roadmap imepitishwa bila kupingwa, kwa kuwa aliyetaka kuipinga alikuwa kwenye foleni ya pilau. (Vigelegele. Mgeni rasmi anasimama na mkasi.)

Keti kwanza, dada. (Haketi. "Mjomba Gwakisa, vitabu vya Baba vimo humo ndani?") Hilo ni swali zuri la kisera. Wananchi, semeni nami: Maktaba! (Idumu!) Haki! (Isomwe!) Fenesi! (Liliwe!)

Namshukuru Mchungaji kwa kuturuhusu kufunga utepe kwenye mlango wa stoo yake. Usikate, dada Anoma. Humo mna viti mia mbili na kinanda kibovu. Maktaba haipo, haijawahi kuwepo; tulianza na kamati na fulana, kama ilivyo desturi yetu, tukachoka hapo. Vitabu viko kwangu Laurel, vimesimama vyote, rafu nimezipigilia mwenyewe kuanzia sebuleni hadi juu ya friji, hakuna hata kimoja kilicholowa, mke wangu Flaviana ni shahidi. (Flaviana: "Sufuria nazihifadhi kwenye bafu!") Ahsante, mama. Joho tulipeleke huko leo. Msumari upo, ukutani, karibu na dirisha.

Na kama marehemu alijiondoa kwenye kesi ya shemeji yake, basi nami najiondoa kwenye ule Ushauri Mwandamizi. Nilikuwa namvalisha baba yako soksi, dada. Alitaka nianze na ya kushoto.