Kamati ya Vilivyofukiwa Bustanini

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenyeji na wageni, wenye viatu na wasio na viatu, kwamba kuanzia leo ni marufuku mtu yeyote kufukia au kufukua kitu chochote cha madini katika bustani ya mji bila kibali. Anayeangusha sarafu kwa bahati mbaya asiiname. Asimame pale pale, ainue mkono, angoje kuhudumiwa.

Tangazo hilo niliandika mimi. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne juzijuzi, na Idara ya Bustani, Vivuli na Mabenchi iliniajiri kwa sababu ya mwandiko wangu. Ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Mataifa mengine yalikuwa yakipeleka watu angani. Sisi Malindi tukaamua kwenda chini.

Mambo yalianza na mzee mmoja wa Kitaliano mwenye kaptura fupi. Alionekana bustanini akipitisha kitu kama fagio juu ya nyasi, masikio kayaziba kwa vidude. Fagio likalia. Mzee akachimba kwa kijiko, akatoa sarafu nyeusi ya kale, akaibusu. Mkurugenzi wetu, Bwana Kiponda, aliyaona hayo yote kutoka dirishani mwake. Miaka mingi alikuwa ameitazama bustani ile kupitia dirisha lile lile, na hakuwahi kuona cha kubusu.

Hapa niseme kidogo kuhusu ofisi ya Bwana Kiponda. Dirisha ilikuwa nalo, lakini jina haikuwa nalo. Kibao cha shaba kilichokuwa mlangoni, chenye jina na cheo chake, kilikuwa kimepotea mwaka uliotangulia. Tangu hapo wageni walikuwa wakifungua mlango, wanamkuta Mkurugenzi, wanaomba radhi, wanasema walikuwa wakitafuta stoo. Na tangu hapo pia Bwana Kiponda aliandamwa na kiungulia. Daktari alimwambia apunguze pilipili. Alipunguza. Kiungulia hakikupunguza.

Mtaliano alinyang'anywa fagio kwa heshima zote akapewa chai, na Kamati ya Vilivyofukiwa ikaundwa jioni hiyo hiyo. Mwenyekiti alikuwa Naibu Mkurugenzi, Bwana Thuku, msomi wa tai, aliyekuja pwani kutoka bara akiamini kwamba watu wa huku tunaogopa hata vivuli vyetu, jambo ambalo kwa idara yenye vivuli katika jina lake aliliona ni la hatari. Katibu nilikuwa mimi. Fagio akapewa Randu, askari wa bustani, kwa kuwa ana mikono mirefu. Maelezo ya chombo yalikuwa ya Kitaliano, kwa hiyo tuliyasoma kwa kutazama picha.

Siku ya kwanza ilifana kupita kiasi. Fagio lililia kila hatua, nasi tukachimba kila lilipolia. Kufikia saa ya chakula tulikuwa tumefukua njia yote kutoka langoni mpaka chooni. Niliripoti kwamba hazina inaelekea kufuata mkondo wa njia. Bwana Kiponda akafurahi. Mchana ndipo ilipogunduliwa kwamba buti za Randu zina misumari ya chuma, na kwamba tulikuwa tukimchimba Randu. Aliambiwa avue. Watu walipolalamika kwamba bustani imeharibiwa, Kamati ilifafanua kuwa haikuharibiwa, imefunguliwa.

Randu akiwa pekupeku, tulianza kupata vitu vya maana: vizibo vya soda, kengele ya baiskeli, uma usio na meno. Halafu, pale njia nne za bustani zinapokutana, tukapata shilingi. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe pamoja na ganda la yai.

Randu akaweka koleo chini. "Mwenyekiti, hii siigusi."

"Kwa nini?"

"Ni kafara. Kuna mtu kaugua, akaambiwa aje auache ugonjwa wake hapa. Ukiokota, ugonjwa umehama nawe."

Bwana Thuku akacheka mpaka tai ikapinda. "Serikali imekupa sare na filimbi, Randu, na bado waogopa shilingi?"

"Filimbi haitibu, mzee."

"Katibu, andika: imani potofu."

Nikaandika.

"Basi si aiokote yeye," akasema Nyevu.

Huyu Nyevu alikuwa na jiko lake chini ya mti wa mkungu, hatua chache tu kutoka hapo. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai. Idara nzima ilikuwa ikila kwake, na binti yake alikuwa sekondari kwa nguvu ya karai lile na si kitu kingine.

Bwana Thuku alimwonyesha kwamba msomi haogopi. Alitafuta vijiti viwili, akaibana shilingi kama kaa la moto, akaitumbukiza kwenye bahasha, na bahasha akamwambia Jedida, mpiga chapa wetu, aishike. Alieleza kuwa anatumia vijiti kwa sababu za kitaalamu. Kisha akanawa. Alinawa mpaka mtungi wa Nyevu ukakauka.

"Maji hayo nimeyatoa Muyeye kwa kichwa," Nyevu akasema.

"Idara inakushukuru," akajibu Bwana Thuku.

Shilingi za namna ile tukazipata nyingi, tukazipanga kwenye kabati la kioo ofisini kwa Mkurugenzi, kila moja na kikaratasi chake: Sarafu, Zama Zisizojulikana. Mji ukaanza kutusifu. Kisha fagio likapita karibu na jiko la Nyevu, na hapo likalia kilio ambacho hatujawahi kukisikia, kilio cha mtoto aliyefungiwa nje.

"Hizo ni sufuria," Bwana Thuku akasema upesi.

Tukaondoa sufuria. Likalia.

"Basi ni makaa."

"Makaa hayalizi, mzee," Randu akasema.

"Kamati imeamua ni makaa." Mwenyekiti alikuwa anatokwa na jasho. "Mama huyu ana familia. Hatuwezi kuvunja riziki ya mtu kwa ajili ya mlio."

Nilivutiwa sana na huruma ile, nikaiandika kwa wino mwekundu. Nyevu hakuvutiwa. Alingoja Mwenyekiti aende zake, akaniinamia.

"Huyu tangu aje Malindi hajaitikia salamu yangu hata moja. Leo ana nini?"

"Uongozi bora, mama."

"Haya, mwanangu. Kula mbaazi zako."

Lakini kilio kilikuwa kimefika dirishani. Bwana Kiponda alikuwa anatarajia mgeni wa heshima kutoka Mombasa Ijumaa ile, naye hakutaka kumwonyesha vizibo vya soda. Alishuka mwenyewe, mkono kifuani kwa ajili ya kiungulia, akatoa amri. Jiko liondolewe. Pachimbwe mbele ya mgeni. Kikipatikana kitu cha kale, mahali pazungushiwe uzio daima, na Nyevu ahamie nyuma ya machinjio. Kisipopatikana, arudi.

"Nani atakula mahamri nyuma ya machinjio?" Nyevu akauliza.

"Nzi," akasema Randu, ambaye hajui kusema uongo akiwa kazini.

Bwana Thuku alipinga. Alisema Nyevu ni urithi wa mji. Alisema mkungu una mizizi nyeti. Alipoona hasikizwi, alijitolea kuchimba peke yake, Alhamisi, bila kusumbua mtu. Mkurugenzi alimpongeza kwa moyo huo na akaweka mlinzi.

Ijumaa watu walikuja kutoka Shella na Muyeye wakajaa mpaka kwenye mashimo. Mgeni wa heshima aliketishwa kwenye kiti chenye mito. Nyevu alisimama pembeni, karai lake kichwani, kwa kuwa hakujua alitue wapi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nadhani alikuwa mtu pekee katika historia ya hazina aliyeomba isipatikane.

Randu akachimba. Likatoka furushi dogo la kitambaa chekundu, limefungwa uzi mweusi.

Umati wote ukarudi nyuma kwa pamoja. Mgeni wa heshima, ambaye alikuwa ameketi, alirudi nyuma na kiti chake.

"Okoteni," akasema Bwana Kiponda. Hakuna aliyeokota. Akamgeukia Nyevu. "Wewe mama, hiki kimetoka chini ya jiko lako. Unamroga nani katika bustani ya umma?"

Polisi mmoja akasogea. Nyevu akashusha karai polepole.

"Mimi naweka makaa juu, bwana. Ya chini siyajui."

"Utayajulia kituoni."

Kabla polisi hajamfikia, Bwana Thuku aliruka ndani ya shimo, tai na yote, akalikwapua furushi kwa mkono mtupu, akalitia mfukoni. "Takataka tu," akasema, akihema. "Nitaitupa mwenyewe. Sherehe iendelee."

Sherehe haikuendelea. Nyevu alikuwa anamtazama.

"Katibu, mwanangu," akaniita. "Juzi huyu bwana, ile shilingi moja, aliiokota kwa kitu gani?"

"Kwa vijiti, mama. Viwili."

"Akamaliza maji yangu kunawa."

"Akamaliza."

"Na hii mbona kaishika kama leso yake?"

Pale hapakuwa na mtu wa kufafanuliwa. Hata watoto wa pwani wanajua: kafara inaogopwa na kila mtu isipokuwa aliyeiweka. Polisi akamwacha Nyevu. Randu akapiga filimbi, nadhani kwa mazoea tu.

"Bwana Thuku," Mkurugenzi akasema, "hebu toa ulichokitia mfukoni."

Uzi ukafunguliwa. Ndani mlikuwa na shilingi mbili na kibao cha shaba, kimeandikwa vizuri kabisa: KIPONDA, MKURUGENZI.

Bwana Thuku alitazama tai yake. "Niliambiwa tu pawe mahali pa moto," akasema. "Kiti kingekuwa wazi kufikia Krismasi."

Bwana Kiponda akashika kifua. "Mwaka mzima," akasema kwa sauti ndogo. "Mwaka mzima nimeacha pilipili."

Msimamo wa Idara juu ya mambo haya haujabadilika, ni imani potofu. Bwana Thuku alisimamishwa kazi hapo hapo, akaamriwa aondoke na furushi lake, kibao na yote, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kulibeba. Kamati ilikutana kwa dharura ukingoni mwa shimo, ikapitisha kwamba kibao cha mwaka jana si kitu cha kale. Nyevu hakungoja tupige kura. Alikuwa ameshawasha.

Ingeishia hapo kama Jedida asingeamka na jino. Alipolalamika, mtu wa hesabu akakumbuka jipu lake, dereva akakumbuka mgongo, na wote kwa pamoja wakakumbuka kabati la kioo. Maradhi ya nusu ya Malindi yalikuwa yamepangwa ofisini kwetu, na vikaratasi juu. Tangu hapo kabati likawa linapungua kila usiku.

Alfajiri moja nilikuwa nimewahi mahamri ya kwanza, pamoja na shughuli ndogo ya binafsi ambayo haihusiani na maelezo haya. Randu alikuwa doria, buti mkononi, anapitisha fagio. Pale njia nne zinapokutana likalia. Akamulika. Mtu mnene alikuwa amechuchumaa, anachimba kwa kijiko cha Nyevu.

"Nani hapo?"

"Mimi."

"Unafukia au unafukua?"

"Randu, ni mimi."

"Kibali unacho, mzee? Kuna tangazo."

"Mimi ndiye Mkurugenzi."

Randu alifikiri. Alikuwa amepita mbele ya mlango ule mwaka mzima.

"Mlangoni hapajaandikwa hivyo," akasema.

Kibali kinatolewa na Mwenyekiti wa Kamati peke yake, na Mwenyekiti alikuwa amesimamishwa na Mkurugenzi. Hilo nililieleza mimi, maana sheria niliiandika vizuri. Randu akaenda kumtafuta Bwana Thuku. Bwana Kiponda akaketi kwenye benchi la Nyevu kungoja, shilingi za watu zimejaa kiganjani, na nyuma yake mtu wa hesabu naye akaketi, kisha dereva, kila mmoja kafumba ngumi.

Nyevu akakoroga sufuria.

"Mbaazi nikuwekee, bwana?"

"Weka," akasema Mkurugenzi. "Na pilipili."

"Haya. Lakini kulipa, usinilipe kwa hizo."