Goti la Kumleta Aika Nyumbani

Jumatatu, 2 Juni

Aika amekabidhiwa utafiti! Ndiye kiongozi! Hospitali nzima ya mjini, yenye madaktari wa vipara na miwani, imeona hakuna anayefaa ila binti yangu. Haya, sasa ndiyo salamu: hujambo, shajara? Mimi sijambo kupita kiasi.

Na aliyemzaa ni mimi, Tekla wa Akheri, darasa la saba.

Utafiti wenyewe ni wa magoti. Nilivyomwelewa kwenye simu, watu waliochakaa magoti wamegawanywa makundi mawili. Hawa wanapasuliwa. Wale wanapewa dawa na mazoezi. Kisha wote wanafuatiliwa miezi na miezi: unalalaje, unachuchumaa, unapanda ngazi? Mwishoni ijulikane tiba ipi imesaidia watu zaidi. Nikamuuliza yeye yuko timu gani. Akasema mama, hakuna timu. Nimeelewa. Yuko timu ya dawa, hataki tu kujivuna. Tangu mdogo alikuwa akiona kuku anachinjwa anakimbilia kwenye migomba. Kisu si chake.

Nikamuuliza anakuja lini nyumbani. Akasema mama, kazi. Nikasema hata Jumapili moja. Akasema mama, naitwa.

Hajaja tangu Krismasi. Na anakaa Engutoto, hapo mjini tu! Akinywa chai ya asubuhi kwake, ya saa nne anainywa kwangu. Mtoto aliye Marekani unamlilia ukamaliza. Huyu wa Engutoto unamlilia kila gari likipunguza mwendo barabarani.

Jumatano, 4 Juni

Fedheha. Penina yumo!

Penina ni jirani yangu ng'ambo ya mfereji. Sauti ya pili, kwaya ya akina mama. (Sauti ya kwanza ni mimi.) Goti lake la kulia linamsumbua siku nyingi. Kumbe alikwenda kliniki mjini akaingizwa kwenye utafiti wa mwanangu, kundi la dawa na mazoezi, bila hata kuniaga. Nimemkuta anaanika maharage. Akaniambia kwa madaha kwamba Daktari Aika humpigia simu yeye mwenyewe. Humuuliza amelalaje. Humsikiliza mpaka amalize.

Mpaka amalize! Mimi mara ya mwisho kumaliza sentensi na Aika alikuwa sekondari.

Nikamuuliza, anakuitaje? Akasema, "Ananiita mama." Nikamwambia hiyo ni adabu ya kazi, hata muuza nyanya huitwa mama. Akasema labda, Mama Aika, lakini ungesikia anavyolitamka.

Nimerudi jikoni nikachuchumaa na kuinuka, nikichunguza kama nitapata maumivu. Wapi! Magoti ya chuma. Sijawahi kuchukia afya yangu namna hii. Mume wangu Aminiel akanikuta chini, akauliza nimeangusha nini. Nikamjibu naumwa goti. Akauliza tangu lini. Nikasema kuanzia Ijumaa.

Ijumaa, 6 Juni

Nilijitanda kitenge mpaka machoni, nikachukua fimbo ya Aminiel, nikaenda mjini kujiandikisha.

Alinipokea nesi mmoja, Godbless, kijana wa shikamoo nzuri. Jina nikatoa la baba yangu: Tekla Melkizedeki. Goti gani? La kushoto. Akauliza mbona nachechemea kulia. Nikasema maumivu yanahama. Akaandika. Akauliza kama nina ndugu anayefanya kazi kwenye utafiti huu. Nikasema sina hata mmoja, mimi mkulima tu, simjui daktari yeyote chini ya jua.

Mambo yalikuwa yananyooka! Ndipo akapita Aika kwenye korido. Koti jeupe. Nyuma yake madaktari wanaume, mmoja ana mvi, wanamfuata kama vifaranga. Mama aliyekaa nami kwenye benchi akauliza, hivi kile kibinti nacho ni nesi?

Kibinti! Nilisimama bila fimbo. Nikasema kwa sauti ya kwanza ya kwaya, "Huyo ndiye mkubwa wa utafiti, na nimemzaa mimi!"

Godbless akaweka kalamu chini.

Aika alinishika mkono akanitoa nje taratibu, kama mlevi anavyotolewa harusini. Ndugu hawaruhusiwi, mama. Majibu lazima yawe safi. Nikamuuliza basi nyumbani utakuja lini. Akasema watu wake wakishamaliza. Macho mekundu. Shingo imekuwa nyembamba. Nilikuwa nimemletea ndizi za kuchoma, nimezifunga kwenye kitambaa. Akaitwa kabla sijafungua fundo.

Nimerudi nazo. Aminiel amezila akazisifu. Mimi nikakikunja kitambaa.

Lakini njiani nililitafuna lile neno. Wakishamaliza. Mgonjwa anamaliza vipi? Kwa kupona! Wakipona upesi, utafiti umekwisha, Aika yuko nyumbani. Na mmoja wao yuko hapo ng'ambo ya mfereji wangu.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Baada ya ibada tukatoka kwenda kwenye mnada wa sadaka kama kawaida: mayai, mikungu ya ndizi, maziwa, na jogoo mmoja mwekundu mwenye kifua cha diwani. Mzee Lemburis ndiye aliyekuwa ananadi. Penina alikaa kwenye kiti kilicholetwa kwa heshima ya goti lake, akiwaeleza akina mama kwamba yeye sasa ni mtu wa utafiti.

Nikampania yule jogoo. Mama Mchungaji naye akampania. Nikapanda bei. Akapanda. Mzee Lemburis akanitazama kwa macho ya kunionya, mwanamke, huyo ni mama mchungaji. Nikapanda tena! Nikashinda, nikavuka uwanja mzima na jogoo wangu, nikampakatisha Penina. Nikamwambia ya supu hiyo, kunywa upone.

Vigelegele! Mchungaji akasema hakika Roho ameshuka. Mtu hambishii mchungaji wake siku ya Pentekoste.

Jumatano, 11 Juni

Mgongo! Asubuhi namchotea Penina maji. Kisha namkatia ng'ombe wake majani. Kisha nachemsha supu. Jioni namkanda goti kwa mafuta ya kondoo niliyoletewa na Sinyati, rafiki yangu wa upande wa magharibi wa mlima, ambaye mafuta yake yameinua wazee waliokwisha kugawa mashamba. Goti hilo halina budi kupona. Nimelikataza kazi yoyote.

Penina naye amezoea upesi mno. Jana alisema supu imepungua chumvi. Leo ameniuliza kama napita dirishani, kwa sababu pazia limelegea. Anakaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, kama mama mkwe siku ya kutambulishwa. Nikamkumbusha mazoezi aliyopewa. Akasema, "Mama Aika, nitayafanyaje na wewe umenikataza kusimama?"

Aminiel ameniambia ng'ombe wetu ananiulizia.

Sijali. Nikipita pale mlangoni na ndoo, namwona Aika kwa mawazo anaingia getini kwetu. Nimekwisha kutandika kitanda chake. Nimekitandua, nikakitandika tena kwa shuka la maua.

Ijumaa, 13 Juni

Leo Godbless amepiga simu ya kufuatilia. Penina akaweka spika. Mimi nilikuwa chini namkanda.

Akamuuliza hali. Penina akajibu hajambo, anamshukuru Mungu. Bila shaka! Mtu wa Akheri akiulizwa hali hata kama ameangukiwa na mti hujibu hajambo kwanza, mti baadaye. Godbless akauliza maji yanachotwa? Yanachotwa, kila siku. Majani ya ng'ombe? Yanakatwa, ng'ombe ameshiba mpaka anachagua. Kufua? Kumefuliwa. Na kupanda kilima je? Hapo Penina akasita. Nikaona goti linaniponyoka. Nikajibu mimi kutoka chini, kwa kuibana sauti, "Hata mlima Meru wenyewe!"

Kisha Godbless akasema, ajabu, mama, sauti yako nayo imepona.

Akaomba asubiriwe. Akarudi. Daktari Aika amesema hajawahi kuona maendeleo ya namna hiyo kwa muda mfupi. Anakuja Jumatatu kumwona mwenyewe kwa macho.

Anakuja! Nilimkumbatia Penina mpaka mafuta ya kondoo yakamwingia kwenye nywele. Ni kweli anakuja kwa Penina, si kwangu. Lakini mfereji si bahari. Nimeivisha ndizi, nimeandaa mahindi ya loshoro, maziwa yake yameganda vizuri kwenye kibuyu.

Jumatatu, 16 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Gari lilifika mapema kuliko nilivyotarajia. Aika, Godbless, na Daktari Hans wa upasuaji, yule mwenye mvi. Mimi nilikuwa bado chini huko kwenye majani; haya ya mwanzo amenisimulia Penina. Aika akaamkia, akakaa karibu na Penina, akamshika mkono, akamwomba asimame atembee mpaka getini.

Penina akauliza, "Mimi mwenyewe?"

Akajaribu. Goti lilikuwa limekaa juu ya stuli muda wote huo, likakataa kukunjika. Daktari Hans akamdaka. Aika akauliza, mama, si ulisema unachota maji? Penina akasema yeye alisema yanachotwa, hakusema na nani. Akaongeza, "Subirini kidogo, mwenye kutembea anakuja."

Nami nikaingia getini. Mzigo wa majani kichwani, ndoo mkononi, natembea kama askari.

Aika akasema, "Mama?"

Tukaitika mimi na Penina kwa pamoja. "Abee!"

Godbless alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Aika hakucheka. Alisema pole pole, na ndivyo anavyokasirika tangu utoto. Mazoezi ndiyo yalikuwa dawa, mama. Kutembea, kuinama, kubeba kidogo kidogo. Nilikuwa nimemnywea Penina dawa yake yote! Akasema kuna mama mwingine huko Terrat anasubiri kuambiwa apasuliwe au asipasuliwe, na atakachoambiwa kinatokana na majibu haya. Je, aambiwe nini? Kwamba apate jirani kama wewe? Majibu ya Penina ya siku hizo yamefutwa. Itabidi aanze mazoezi upya, na amelia, na mimi nimelia kwa kumwona yeye analia. Daktari Hans akanipa pole. Hata muda wa utafiti nao sikuuelewa: miezi imepangwa tangu mwanzo. Kupona upesi hakuupunguzi hata siku moja.

Aika alinisindikiza mpaka kwenye mfereji. Hakuvuka. Nyumba yetu ilikuwa hapo, mlango wazi, moshi wa jikoni unapanda. Akaitazama tu. Akasema kutwa nzima anawauliza watu wamelalaje, na hakuna mtu anayemuuliza yeye.

Nilikuwa na maneno mengi. Kuhusu shuka, kuhusu loshoro, kuhusu shingo yake. Nikayaacha yote. Nikamuuliza, "Umelalaje, mwanangu?"

Akasema, "Vibaya, mama." Akaniegemea begani na koti lake jeupe, na mimi nanuka majani na kondoo. Hakujitoa upesi. Nikasikia anavyopumua, kama nilipokuwa namrudisha kutoka shule mvua inanyesha.

Kisha akasema anakuja. Siyo kwa Penina, kwetu. Jumamosi tarehe ishirini na nane, na atalala. Ila ameniomba jambo moja: awe yeye, mimi na baba yake tu. Asisikie neno goti. Anataka kukaa jikoni achome ndizi anyamaze. "Usimwambie mtu, mama." Nikamwapia.

Jumatano, 18 Juni

Sijamwambia mtu. Nimemwambia Penina tu, kwa sababu amelia sana na anastahili faraja. Nimeanza pia kumsimamia mazoezi. Anatembea mwenyewe mpaka kwenye mfereji, mimi namhesabia kwa sauti.

Penina amemwambia Mama Mchungaji. Hilo si kosa langu. Lakini Mama Mchungaji akiisha kujua, kwaya lazima ijue, la sivyo itaonekana naificha sherehe kwa uchoyo. Na mzee Lemburis hakualikwa na mtu, nilimkuta tu njiani, akaniambia nyonga inamuuma. Nifanyeje, ninyamaze? Mtu ana nyonga!

Halafu nimewaza jambo. Mgeni asiye na kazi huondoka asubuhi na mapema. Lakini Aika akikuta ua umejaa watu wanaomhitaji, huyu goti, huyu kiuno, huyu bega, atawaachaje? Hataondoka Jumapili. Pengine hata Jumatatu! Atatoka kwa mmoja aingie kwa mwingine, na mimi nitakuwa hapo hapo pembeni nikimtazama mpaka nishibe. Kunyamaza atanyamaza siku nyingine.

Aminiel akaniuliza kama nakumbuka alichoniomba. Nikamwambia nakumbuka kila neno, ndiyo maana nimewaagiza wasiseme goti. Waseme mguu.

Turubai nimeazima kanisani. Sinyati anakuja na mafuta na watu wa kwao. Yule mama wa kwenye benchi ningempata ningemwalika naye, aje amwone huyo kibinti. Chakula ni saa saba, mwenye fimbo aje na fimbo yake, asiye na ugonjwa aje hivyo hivyo. Wote, Jumamosi, tarehe ishirini na nane Juni.