Kamanda wa Baiskeli Thelathini na Moja

Vita vilipokwisha, mji wa Saint-Aubry uligundua kwamba ulikuwa umejaa mashujaa. Watu waliokuwa wakiwavulia Wajerumani kofia sasa walidai nishani ya wapiganaji wa siri. Tangazo mlangoni kwa meya lilitaka kitu kimoja tu: barua yenye sahihi ya kamanda wako. Fulbert Cazenave, aliyemaliza vita vyote akicheza karata kwa shangazi yake, alilisoma mara mbili. Makamanda wa kweli wengi walikuwa kaburini, hakuna wa kubishana naye. Akajipa cheo cha kamanda siku hiyohiyo, akaanza kuuza barua. Akibainika, ni jela, kwa hiyo alitembea kifua mbele.

Mteja wake aliyenona kuliko wote alikuwa Bi Ursule Pinchaud, mjane mwenye duka la baiskeli.

"Vitani ulifanya nini, mama?"

"Nilichukua baiskeli za watu. Thelathini na moja. Kwa ajili ya nchi."

Fulbert alijua fika nchi haikuonja hata kengele.

"Shujaa mtupu! Nipe lile paja la nguruwe linaloning'inia pale na saa ya marehemu mumeo, nikuandikie."

"Andika uliniamuru wewe, na zote nikakukabidhi wewe."

"Sasa ungemkabidhi nani mwingine?" Akasaini kwa madaha, mate yakimtoka kwa lile paja.

Jumapili, tarumbeta zikalia, meya akambandika Bi Ursule nishani, kisha akaisoma barua kwa sauti, neno kwa neno.

"...baiskeli zote thelathini na moja alizitia mikononi mwa Kamanda Cazenave, ambaye tunaye hapa!"

Makofi yakaanza, yakafifia.

"Yangu ilikuwa ya kijani," alisema daktari.

"Yangu ilikuwa na kikapu," alisema padri, akikunja mikono ya kanzu.

Fulbert alipiga hesabu haraka. Akikana, ni tapeli wa nishani; akikubali, ni mwizi wa mji mzima. Bi Ursule alimbusu mashavu yote mawili.

"Pole, kamanda," alinong'ona. "Kesi yangu ya wizi ilikuwa isikilizwe Alhamisi. Sasa ni yako."

Askari polisi akamshika Fulbert mkono. "Twende kituoni. Kilomita kumi na mbili."

"Kwa miguu, afande?"

"Ulitaka twende na nini? Yangu uliichukua mwaka arobaini na tatu."