Tathmini Niliyoiandika Jumapili

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kuadhirika kwa kurushiwa maji machafu na gari, watu wakakuonea huruma. Nimeadhirika mbele ya watoto arobaini na nane, mwalimu mlezi, mkufunzi kutoka chuoni, na nzi ambao sikuwahesabu.

Kwa wasiojua, niko huku Busunzu, Kibondo, wiki ya saba kati ya nane za mazoezi ya kufundisha. Nafundisha Sayansi, Darasa la Nne. Mimi ni mtoto wa Kasulu mjini, nimekulia nyuma ya duka la vitenge la baba. Maharage nayajua yakiwa na nazi juu.

Mkufunzi wa kwanza alikuja kunikagua wiki ya tatu. Alama alizonipa zilinitosha kwa kulia tu. Akasema kosa langu kubwa ni faili. "Zuhura, kila andalio la somo lina sehemu ya tathmini, na wewe umeiacha wazi kila siku. Utakua vipi kitaaluma kama hujitathmini?" Kwa wasio walimu: tathmini ni vile vimistari vya mwisho kwenye andalio, ambapo mwalimu akishafundisha anaandika somo limekwendaje. AKISHAFUNDISHA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa faida yangu mwenyewe.

Ukaguzi wa leo ndio uliokuwa wa mwisho. Nikifeli, narudia mazoezi mwakani wenzangu wakiwa wameshavaa majoho na kupiga picha. Na baba ameshawatangazia wateja wote. Kuna mama mmoja wa Mabamba anachukua vitenge kwa jumla pale dukani, yeye ananiita mwalimu mkuu kabisa.

Kwa hiyo Jumapili nilikaa kitako na faili. Nikajaza tathmini zote za masomo yaliyopita. Mkono ukawa umeshakolea. Nikajaza ya Jumatatu. Nikajaza ya Jumanne. Nikajaza ya leo Jumatano, nikaenda hadi Alhamisi ya wiki ijayo (msinitazame hivyo). Kwa wino, na kwa mwandiko ambao hata mimi niliupenda. Nikajiambia, kwani kuna ubaya gani? Somo si langu? Si najua litakavyokwenda?

Somo lenyewe lilikuwa mahitaji ya mbegu ili iote. Jumanne ya wiki iliyopita tulipanda maharage kwenye makopo mawili ya maziwa ya unga. Kopo A tulimwagilie maji. Kopo B tusiliwekee hata tone. Baada ya siku nane tuangalie, watoto waseme wenyewe kwamba mbegu inahitaji maji, mkufunzi aandike "safi sana", tuagane.

Sasa, mimi nina falsafa ya ufundishaji. Chuoni tunalazimishwa kuwa nayo. Yangu iko ukurasa wa kwanza wa faili, imepigiwa mstari chini mara mbili: "Mtoto hujifunza kwa kutenda, na mwalimu bora ni yule aliye mkweli mbele ya wanafunzi wake." Basi kwa sababu ya hilo la kutenda, nikatangaza kwamba kila mtoto atamwagilia kopo A kizibo kimoja cha soda, kila asubuhi hadi Ijumaa. Watoto arobaini na nane, vizibo arobaini na nane, kwenye kopo lisilo na hata tundu moja chini. Hesabu hiyo sikuipiga. (Mimi ni wa Sayansi, Hisabati anafundisha mwingine.)

Ijumaa mchana nikayapanga makopo dirishani, nikayafunika kwa kitenge changu kizuri. "Hakuna kugusa, hakuna kuchungulia! Tutafunua pamoja Jumatano!" Hata mimi sikuchungulia, nilitaka nishangae pamoja nao.

Mwalimu wangu mlezi, Mwalimu Butoyi, ni mzee wa hapa hapa, ana miaka yake darasani na haongei sana. Jumatatu aliniita pembeni.

"Madam, yachungulie yale makopo."

"Hapana mwalimu, ni ugunduzi. Tukichungulia siyo ugunduzi tena."

"Yachungulie hivyo hivyo."

Sikuchungulia. Wala sikujiuliza kwa nini darasa limeanza kunuka. Nilisema panya amefia mahali.

Leo saa tatu asubuhi gari likasimama, akashuka Madam Sekela. Huyu ni mkufunzi mwingine, mama wa Mbeya, mfupi, sauti ya chini, na miwani anaiteremsha hadi kwenye ncha ya pua anapotaka kukusoma. Mwalimu Butoyi akampokea kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, mwakeye," wakacheka kidogo. Kwangu alinyoosha mkono tu. "Faili." Nikampa kwa mikono miwili, nimepiga goti kama naomba uchumba. Akaenda kukaa dawati la mwisho, goti lake likagongana na la mwanafunzi wangu Nestory, akafungua ukurasa wa leo.

Nikaanza. Na kusema ukweli nilianza vizuri! Watoto wakaimba salamu, ubao ulikuwa safi, tarehe ilikuwa sahihi.

"Nani anakumbuka kopo A tuliliwekea nini?"

"Mimi madam! Mimi madam! Mimi!"

"Maji!"

"Na kopo B?"

"Hata tone!"

Roho yangu kwatu. Nikasogea dirishani, nikashika ncha ya kitenge, nikawaambia wahesabu pamoja nami. Moja! Mbili! Tatu!

Nzi wakatoka kwanza.

Kopo A lilikuwa uji. Sitanii, uji wa udongo, unatoa mapovu, na maharage yanaelea humo yamevimba na kuchubuka maganda. Harufu ikapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watoto wakavuta mashati puani. Mle panya hakuwa amekufa, jamani. Ni mimi niliyekuwa nimeua.

Kopo B? Shamba! Mimea minne, imeinua vichwa, majani yanaanza kufunguka, inatazama juani kwa furaha zake. Kopo lisilo na hata tone.

Mkono mmoja ukapanda. Anesia. Huyu mtoto ni mdogo kuliko wote darasani na ndiye ninayemwogopa kuliko wote.

"Madam, kwa hiyo mbegu ikinyimwa maji ndiyo inaota?"

"Hapana, Anesia. Mbegu... inahitaji maji."

"Lakini A ilikuwa na maji, imekufa."

"Ndiyo, ila..."

"Na B ilinyimwa, imeota. Umeandika ubaoni hata tone."

Sasa hapo mwalimu mkweli mbele ya wanafunzi wake alifanyaje? Alidanganya. Nilitazama nyuma, nikaiona ile miwani imeteremka hadi mwisho, na ulimi wangu ukajisemea wenyewe: "Inawezekana kuna mtu amelimwagilia kopo B kwa siri."

Mungu wangu! Darasa lote likageuka kumtazama Nestory, kwa sababu ndiye anayekaa karibu na lile dirisha.

"Ni Nestory!"

"Nestory, umemwagilia!"

"Sijagusa! Madam, haki ya Mungu sijagusa!" Na machozi yameshaanza kumtoka. Mtoto wa watu, hana hatia, anajitetea pembeni ya mkufunzi. Nilijisikia vibaya sana, nawaambia ukweli. Lakini bado sikumtetea. Nilikuwa nawaza yale majoho.

Ndipo mkono mwingine ukapanda, kule nyuma kabisa, mkono wenye saa. Madam Sekela amenyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, madam. Nauliza tu. Lile swali la mwanga bado halijaulizwa?"

"Swali... la mwanga?"

"Ndiyo. Naona hapa limeshajibiwa."

Akasimama, akashika faili, akasoma. Kwa sauti ileile ya chini, na darasa zima likatulia ili limsikie.

"Tathmini. Somo limekwenda vizuri sana. Zana ziliamsha hisia za wanafunzi." Akawatazama watoto walioziba pua. "Hilo ni kweli. Tuendelee. Wanafunzi wote walihitimisha wenyewe kwamba mbegu inahitaji maji. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali zuri kuhusu mwanga, nikalijibu kwa ufasaha. Leo nimekua kitaaluma."

Leo nimekua kitaaluma! Niliandika hivyo Jumapili, nimekaa kitandani, nakula karanga!

Pale mlangoni Mwalimu Butoyi akageuka kutazama nje, mabega yanacheka peke yake. Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Madam Sekela akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Nikaona mikono yake inaenda mbele, mbele, mbele, nikajua anakokwenda, nikatamani ile mvua kubwa iliyonyesha Jumamosi irudi inichukue.

"Alhamisi ya wiki ijayo," akasoma. "Somo la mwisho. Wanafunzi walihuzunika sana nilipowaaga. Wengi walilia." Akavua miwani. "Watoto, mmesikia? Alhamisi mtalia."

Darasa likatafakari. Tena walilichukulia kwa uzito kabisa. Mkono ukapanda. (Mnajua wa nani.)

"Madam, tulie wote pamoja au kwenye makundi?"

Hapo hata Nestory alicheka, kamasi zinamtoka. Mimi nilicheka? Mimi nilikaa kwenye ukingo wa jukwaa la ubao, nimeshika kitenge changu kinachonuka, na ndipo nikagundua kwamba hicho kitenge kina madoa ya maji. Kimelowa na kukauka.

"Ijumaa ilinyesha," nikasema.

"Na Jumamosi," akasema Anesia. "Huku mvua inaingia dirishani. Hata Nestory huwa anahama dawati."

"Mlijua?"

"Ndiyo, madam."

"Na kopo A? Mlijua litaoza?"

"Eeeh!" darasa zima. Hawa ni watoto wa wakulima, wamepanda maharage tangu wajue kutembea. Mmoja akanieleza kwa upole kabisa kwamba baba yake hapandi maharage bondeni masika, yakilala kwenye maji yanakufa.

"Sasa mbona mliendelea kumwagilia?"

"Uliweka zamu, madam."

Basi nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kufika hadi nyuma: "Nestory hajagusa kopo. Mimi ndiye niliyekosea, na nilipoona nimekosea nikamsingizia mtu. Nestory, nisamehe." Nestory akasema "Haya," akajifuta pua kwa mkono wa shati. Halafu, jamani, somo likaanza. Kwa dakika kumi na tano zilizobaki wao ndio walionifundisha mimi, nikaandika ubaoni wanachosema: maji ya kiasi, hewa, joto. Hewa! Kwenye andalio langu hewa nilikuwa nimeiweka kipindi cha Ijumaa.

Baada ya kipindi tukaenda ofisini. Madam Sekela akanisogezea faili na kalamu. "Futa ile. Andika ya leo." Nikapiga mstari juu ya mwandiko wangu mzuri, nikaandika: "Kopo A nimelizamisha mimi. Kopo B limemwagiliwa na mvua. Wanafunzi walikuwa wanajua, sikuwauliza. Mwalimu mlezi alinionya, sikusikia. Nilimsingizia mtoto." Mara hii herufi zilikaa vibaya.

Akasoma. Akasoma tena. Kisha akavuta fomu yake, akaanza kujaza huku nimeikodolea macho kalamu yake, sehemu moja baada ya nyingine. Zana, alama chache. Maandalizi, chache zaidi. Ushirikishaji wa wanafunzi, akasita, akatoa nzuri. Tathmini, akatoa zote. Akajumlisha chini. Nimepita! Alama mbili tu juu ya kiwango, lakini mbili ni mbili, na baba hatauliza.

Mwisho wa fomu pana nafasi kubwa ya maoni, "Ukuaji wa kitaaluma wa mwalimu mwanafunzi." Mistari sita mitupu. Wenzangu wameandikiwa mpaka wamegeuziwa ukurasa. Kwangu aliandika maneno mawili tu, akapiga mhuri, akaondoka na gari lake:

"Ameanza leo."

Sasa najua wengi mnaosoma hapa ni walimu, na najua mnacheka. Ruksa. Ila anayetaka kunicheka, kwanza apige picha faili lake, ukurasa wa kesho, aiweke hapa.