Gari Lisilokunywa Mafuta

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimependa. Mke wangu asishtuke akisoma, ni gari.

Niliingia duka la magari kujikinga na mvua tu. Nikatoka na ufunguo moyoni. Gari jipya la umeme, jeupe, laini kama yai lililomenywa. Halinywi mafuta hata tone. Dada muuzaji kasema nikae nalo mpaka Jumamosi, kisha niseme nanunua au sinunui. Mimi nimeshaamua. Ila mtu makini hufanya uchunguzi.

Lazima niseme kuhusu shemeji. Kaka wa mke wangu, muuza jenereta. Mwezi uliopita kanunua pikapu, na kila asubuhi anaiegesha mbele ya duka langu la miwani. Mteja akijaribu lenzi mpya, kitu cha kwanza anachokiona vizuri duniani ni makalio ya pikapu ya shemeji. Haya yana mwisho.

Mke wangu kanisikiliza mpaka mwisho, jambo la kutia hofu. Kisha akasema: “Mama anarudi kwake Alhamisi. Ukimfikisha bila vioja, linunue. Ukishindwa, sitaki kusikia neno gari mpaka watoto waoe.”

Kwa mama mkwe ni mlimani. Lakini barabara ni lami. Nimeshinda tayari.

Jumanne, 4 Machi
Nimelichukua. Muuzaji kaliwasha mwenyewe, nikaja nalo hadi nyumbani kama niko ndotoni.

Mchana nikataka kutoka. Majirani wamejaa barazani. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikashuka, nikafungua boneti, nikatikisa kichwa kama fundi. Ndani hamna injini, kuna nafasi ya kuweka begi. Nikampigia muuzaji nikiwa nimewapa majirani mgongo. Kaniambia kwa upole kwamba gari lilikuwa linawaka vizuri, ila kila nikibonyeza mara ya pili nalizima.

Nimewaeleza majirani ulikuwa ukaguzi.

Baada ya hapo, raha! Linateleza tu. Kasoro moja: nimepita mbele ya duka la shemeji mara kadhaa na hajainua kichwa. Halina mlio. Ikabidi nipige honi. Kaja mlangoni, kalitazama, kasema linafanana na kandambili. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Uvumbuzi mkubwa! Likishuka mteremko, chaji inapanda. Yaani linajitengenezea umeme. Nimefunga duka, nimewaomba radhi wateja wawili waliokuwa wanasubiri miwani yao, nikaenda kwenye mteremko wa hospitali kuvuna umeme wa bure. Nimeshuka. Nimepanda. Nimeshuka tena. Alasiri nzima.

Jioni chaji imebaki nusu. Sielewi. Kushuka nilishuka sawasawa.

Mke wangu kauliza kama si busara kulirudisha dukani likachajiwe. Nimemwambia nusu inatosha kwa dereva mwenye mbinu.

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu zenyewe: kiyoyozi sikuwasha, redio sikuwasha, madirisha nilifunga ili upepo usituvute nyuma. Mama mkwe akaomba kuchaji simu. Nikamkatalia kwa heshima zote. Akavua mtandio. Baadaye akavua viatu. Hakulalamika, ila alinitazama kama mtu anayejiuliza binti yake alikosea wapi.

Kona ya mwisho, namba za chaji zikaanza kuanguka. Nikamwomba mama aegemee mbele kidogo. Akaegemea, masikini. Gari likazima geti la mama likionekana kabisa.

Akashuka, akavaa viatu, akauliza: “Mkwe, na hili linasukumwa kama yale ya zamani?”

Linasukumwa. Waashi wa nyumba ya jirani wametusaidia. Nyumbani kwake nikachomeka waya kwenye soketi, umeme wa nyumba nzima ukakatika. Mama akamwita mwanawe. Shemeji kaja na pikapu, na nyuma yake jenereta.

Sitasahau alivyomimina petroli. Taratibu, kwa mapenzi. Wala hakucheka. Akasema tu, “Shemeji, hili lako lisilokunywa mafuta, leo lina kiu.”

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala kwenye kochi kwa mama mkwe, miguu nje. Soketi imetengenezwa, gari linachajika polepole kama mgonjwa anayenyweshwa uji.

Asubuhi nimemsikia mama akiongea na mke wangu kwenye simu. Nikasimama nyuma ya pazia kungoja hukumu.

Akasema amefika salama. Akasema safari hiyo, kwa kuwa gari halina kelele, kila neno alilosema alilisikia mwenyewe. Kisha: “Tangu baba yenu aondoke hakuna mtu aliyelala hapa. Jana tumecheka na kaka yako mpaka chai ikapoa. Mwache anunue. Aje kila mwezi. Likizima, si atalala?”

Nilikaa nyuma ya pazia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Vumbi lilikuwa jingi.

Mke wangu kakubali! Hilo dogo, jeupe, basi. Kasema nisiongeze kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Siku kuu! Nimemwambia muuzaji: ndiyo. Kalamu iko mkononi, nikainua macho, nikaona picha ukutani. Gari la umeme la viti tisa. Milango inafunguka yenyewe!

Muuzaji, mwanamke mkweli kupita kiasi, kanionya kwamba halijafika bado, hajawahi kuliona, na kwamba likijaa watu haliendi mbali, hasa kwenye milima. Nikajua ananipima msimamo.

Nimesaini. La viti tisa. Mke wangu nitamweleza likifika, hakuna haja ya kumsumbua na mambo ya idadi ya viti.

Muuzaji akaniuliza nyumbani nitalichajia wapi.

Nikamwambia, dada yangu, tuanze na rangi.